Pindo Jeusi la Bwana Kishungi

Paukwa!

Pakawa!

Banda liko wapi?

Nyuma ya nyumba!

Na kuku?

Wamo ndani, wanagombana!

Basi hapo zamani, zamani sana, alikuwepo jogoo mmoja, Bwana Kishungi. Rangi yake kijivu, na kila unyoya umetiwa pindo jeusi, kama leso ya harusi. Akianza kujitazama kwenye maji, hata chakula hukisahau. Mkewe, Bi Kidawa, alikuwa kijivu vilevile, na pindo vilevile.

"Watoto wetu wote watakuwa kama mimi," Bwana Kishungi alijigamba. "Ukoo wetu ni kijivu tangu dunia iumbwe."

Bi Kidawa akatotoa. Vifaranga wakaota manyoya. Loo! Wengine kijivu, wengine weusi tii.

Jirani yao Kicheche akapita, akajilamba midomo. "Bwana Kishungi, hapa mtaani mweusi ni nani? Si Kunguru?"

Jazba ikampanda jogoo. "Mwanamke, hawa umewatoa wapi?"

"Nimewatoa chini ya tumbo langu, wewe ukiwa juu ya paa unawika! Huyo Kunguru hata salamu hatupeani."

Hakusikia. Aliwafukuza weusi, wakaingia porini, na Kicheche akaingia nyuma yao.

Bi Kidawa akatotoa mara ya pili. Wengine kijivu, wengine weupe wenye madoa. Kicheche huyoo, kanenepa. "Na mweupe ni nani? Si Yangeyange?"

"Yangeyange anafuata ng'ombe!" Bi Kidawa alipiga kelele. "Mimi nina pembe? Nimekuchoka, Kishungi. Nimekuchoka mpaka kwenye kucha!"

Hakusikia. Weupe nao wakafukuzwa, na Kicheche nyuma yao.

Mara ya tatu wakatoka wa kila namna: kijivu, weusi, weupe wenye madoa. Wewe unayecheka huko nyuma, nyamaza, mwenzio yamemfika shingoni! Kicheche alikwisha kaa mlangoni, anangoja. Jogoo akafungua mdomo.

"Funga!" alisema Bi Kidawa. "Mimi usiniulize tena. Leo tunamuuliza aliyekuzaa."

Bwana Kishungi akanywea. Tangu waoane hajawahi kumpeleka mkewe kwa mama yake, na kila akiulizwa alisema njia ina matope. Bi Kidawa akawakusanya watoto wote, akavuka kijito. Mume nyuma analalamika, na Kicheche nyuma ya mume.

Wakamkuta bibi kizee wa kuku, mweupe, madoa mwili mzima. "Karibuni, wanangu. Kishungi, ulinipotea."

Bi Kidawa akamtazama mama mkwe. Akawatazama vifaranga wake weupe. Madoa yale yale! Hasira zikampanda upya, lakini akauliza kwa adabu. "Shikamoo, mama. Baba yake huyu alikuwa rangi gani?"

"Marahaba. Mweusi kama masizi. Yeye mweusi, mimi wa madoa, na watoto wetu wote walitoka kijivu wenye pindo, hakukosea hata mmoja. Kijivu ni mchanganyiko, mwanangu. Kila kuku ana nyuzi mbili za rangi, na kila mtoto wake humpa uzi mmoja. Ninyi wawili kila mmoja ana uzi mweusi na uzi mweupe. Mtoto akipata nyeusi mbili, ni mweusi. Akipata nyeupe mbili, ni kama mimi. Akipata mmoja mweusi na mmoja mweupe, ni kama ninyi. Sasa Kunguru anaingiaje hapo?"

"Kumbe wale weusi..." alisema Bwana Kishungi.

"Walikuwa sura ya baba yako," Bi Kidawa akamkata. "Na wale weupe, sura ya mama yako. Umewafukuza wazazi wako, bwana mkubwa."

Jogoo akamrukia Kicheche kwa miguu yote miwili. Kicheche akatimua mbio, na mpaka leo hajionyeshi mchana.

Waliporudi nyumbani, Bwana Kishungi akapanda juu ya paa, akageukia porini. "Rudini! Wanangu, rudini!" Hakuna aliyeitika.

"Ita tena," alisema Bi Kidawa. "Tumboni mwa Kicheche hawasikii." Akaingia ndani na watoto wake wa rangi zote, akawafunika kwa mbawa.

Ndiyo maana jogoo huamka kabla ya watu wote, akawika na kuwika. Anawaita.

Mafunzo yake ni haya: kabla hujamuuliza mwenzio mtoto amemtoa wapi, uliza kwanza wewe ulitoka wapi.

Hadithi yangu nimeifungia bandani. Ikiwa nzuri, chukueni mayai. Ikiwa mbaya, niachieni maganda.