Asali ya Kimali na Juisi ya Boksi

Wivu ni mgeni asiyebisha hodi. Nyumbani kwa Anyes, pale Kasoli, mgeni huyo aliingia mchana kweupe siku ya Jumamosi, amepakiwa kwenye bodaboda pamoja na boksi la juisi.

Ulikuwa msimu wa pamba. Anyes alikuwa ameketi uani akichambua, nyeupe huku na chafu kule, na mama mkwe wake, Bibi Minza, alikuwa kwenye mkeka kando yake akimsaidia kwa vidole vilivyokwisha kuwa vizito. Pikipiki ikasimama, akashuka Harieth, mke wa Clement, mwana mdogo wa Bibi Minza. Alikuwa amevaa gauni la kitenge lililomkaa vizuri, na mizigo yake ilimshinda dereva kushusha. Alipiga goti mbele ya mkeka.

"Mwadila, mayu!" alimwamkia mama mkwe kwa Kisukuma chenye lafudhi ya Bukoba.

Bibi Minza alicheka mpaka akapaliwa. "Mwadila, ng'wanone, mwanangu! Jamani, mmemsikia Mhaya wangu? Huyu sasa ni Msukuma kuliko ninyi nyote!"

Anyes aliinamia pamba yake. Yeye alizaliwa Kisukuma kiko mdomoni, na kila asubuhi alimwamkia mkwewe kwa lugha hiyo hiyo, wala hakuna siku aliyochekewa kwa furaha namna ile. Roho ilimuuma. Akajifanya anatafuta uchafu kwenye pamba ambayo ilikuwa safi kabisa.

Tuseme kweli, Anyes hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mke wa Januarius, mwana mkubwa wa Bibi Minza, na ndiye aliyebaki na mama kijijini. Alimchotea maji ya kuoga, alimkanda miguu jioni, alimfulia na kumpikia. Tangu siku ile zahanati waliposema Bibi Minza ana kisukari, Anyes ndiye aliyelificha kopo la sukari juu ya kabati, na kila asubuhi akamkorogea uji wa mtama usiotiwa kitu. Bibi Minza aliunywa huku amekunja uso. Harieth alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Bariadi, mumewe Clement alikuwa karani wa halmashauri, na walikuja nafasi ilipopatikana. Kwa hesabu ya Anyes, mmoja alifanya kazi na mwingine alichuma sifa.

Siku hiyo Harieth alifungua boksi akasoma maandishi kwa sauti ya darasani. "Mayu, imeandikwa hapa: haikuongezwa sukari. Nimesoma mwenyewe kabla ya kununua. Biskuti hizi nazo ni za watu wenye tatizo kama lako. Na hivi vidonge vidogo ni vya kutia kwenye chai. Utamu upo, sukari hamna."

Bibi Minza alionja juisi ya embe, akafumba macho. Alikuwa hajaonja kitu kitamu kwa muda mrefu. "Mungu akupe maisha," alisema, na machozi yalimlengalenga.

Laiti mambo yangeishia hapo! Kesho yake wanawake wa kikundi cha kuvunia pamba walipita kumjulia hali, na Bibi Minza akalitoa boksi chini ya kitanda akawaonyesha kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu. "Mkwe wangu wa mjini kaniletea. Ana akili yule. Ametafuta hadi amepata kitamu kisicho na sukari." Wanawake wakaitikia, wakalipokezana boksi mkono kwa mkono. Anyes alikuwa amesimama hapo hapo na kikombe cha uji mkononi, na hakuna aliyemtazama. Uji ulipoa. Moyo wa Anyes haukupoa.

Hapo lazima msomaji aijue desturi moja. Katika nyumba za huko, mkwe akikuletea kikombe, unakunywa. Ukikiacha bado kina kitu, hujatamka neno lakini umeshasema yote: kwamba unahofia umetiliwa sumu. Neno la namna hiyo limebomoa nyumba nyingi, na wapo wanawake waliorudishwa kwao kwa sababu ya kikombe kilichoachwa. Bibi Minza aliyaona hayo tangu akiwa binti. Ndiyo maana katika uzee wake wote hakuna mkwe aliyepokea kikombe kutoka mkononi mwake kikiwa na hata tone.

Anyes alimpigia simu kaka yake Salu, mfuga nyuki wa Kimali. "Nitumie asali, kaka. Ile nzito. Ndoo nzima." Ilipofika, Januarius aliitazama ndoo kwa mashaka. Alikuwa mtu wa ng'ombe na wa maneno machache.

"Si walikataza vitamu?"

"Walikataza sukari," alijibu Anyes. "Asali ni sukari? Asali ni kazi ya nyuki, baba Kija, haijapita kiwandani. Babu zetu walitibiwa kwa asali. Nenda kamwulize mwalimu, juisi yake imetengenezwa na nani?"

Januarius akaenda zake zizini.

Asubuhi iliyofuata Anyes alimimina asali kwenye uji, akakoroga, akapeleka. Bibi Minza alikunywa funda la kwanza, akaacha kukunja uso. "Anyes! Uji wa leo umeupika wewe?"

"Ni mimi, mayu. Ni asali ya kwetu. Haina madhara."

"Wabeja sana, ng'wanone. Wabeja sana!" alishukuru mama mkwe.

Anyes alitoka mle ndani akitembea kama bibi harusi. Kuanzia siku hiyo hakuupika uji bila asali, na kila aliposikia habari za Harieth aliongeza kijiko.

Habari zilikuwa hazikauki. Jumamosi Harieth alifika, akanusa kikombe kilichokuwa kando ya mkeka, akauliza kwa upole, "Dada Anyes, mama anapewa asali?" Anyes akajibu, "Anapewa asili, mwalimu. Sisi wa kijijini hatujui kusoma maboksi." Wiki iliyofuata Harieth alileta juisi ya aina mbili badala ya moja, na soda za kopo zilizoandikwa hazina sukari kabisa. Anyes akaongeza matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, akayapaka asali juu. Harieth akaleta maziwa ya pakiti yenye ladha ya stroberi. Kila mmoja alipokaribia alimkuta mwenzake ameshaacha kitu, na kila mmoja alisimama pale mpaka Bibi Minza amemaliza chake.

Naye Bibi Minza alimaliza. Alikunywa cha huyu, akanywa cha yule, akamsifu kila mmoja kwa wakati wake ili pasiwe na neno. Baada ya hapo aliomba maji. Aliomba maji mchana, akaomba tena jioni. Akawa anakwenda chooni mara kwa mara hadi njia ikamchosha, na mwili ukaanza kupungua. Wakati ule ule alichomwa mguuni na kikonyo kikavu cha pamba. Kidonda kilikuwa kidogo sana, ila hakikufunga. Kilitoa maji, kikapanuka, kikaanza kunuka.

Anyes alikiona. Aliyemwosha miguu ni yeye, angekosaje kukiona? Alijua vilevile, ndani kabisa ya moyo wake, kwamba mtu wa kisukari hachezewi mguu. Lakini alipofikiria hospitali, alifikiria Bariadi. Alipofikiria Bariadi, aliiona nyumba ya Harieth yenye bomba ndani na kitanda cha wageni. "Akienda kule harudi," aliwaza. "Watu watasema mimi nilimshindwa, mwalimu ndiye aliyemponya." Basi alichuma majani, akayaponda, akakifunga kidonda kwa kitambaa safi. Mumewe alipouliza, alimwambia mama kajichoma kidogo, atapona. Harieth alipokuja, alimkuta Bibi Minza amevalishwa soksi.

"Mbona soksi na joto hili?"

"Anasikia baridi," alisema Anyes, na Bibi Minza, asiyetaka ugomvi, akaitikia kwamba ndiyo, anasikia baridi.

Jumapili moja, watu wakijiandaa kwenda kanisani, Bibi Minza hakuamka. Alikuwa anapumua kwa nguvu, macho yamefunguka nusu, na alipoitwa hakuitikia. Januarius alimbeba mama yake begani kama mtoto, akasimamisha gari la wanunuzi wa pamba barabarani, wakakimbia naye mjini. Njia nzima Anyes alikuwa ameushika ule mguu wenye soksi mapajani mwake. Kwa mara ya kwanza hakumfikiria Harieth.

Hospitalini Clement na mkewe, waliopigiwa simu njiani, walikuwa wameshafika. Madaktari na wauguzi walimtundikia dripu, wakamchoma sindano, wakaivua soksi. Muuguzi aliyeivua alimtazama Anyes, akageuka. Bibi Minza alipoanza kurudi duniani, daktari, mama wa makamo mwenye sauti tulivu, aliwakusanya kando ya kitanda.

"Sukari yake ilipanda mpaka mashine ikashindwa kuisoma. Nataka kujua anakula nini na anakunywa nini."

"Juisi," alidakia Anyes. "Maboksi kwa maboksi! Huyu hapa ndiye anayeleta."

"Juisi imeandikwa haikuongezwa sukari!" Harieth alipandisha sauti. "Mwulize yeye asali! Kila siku asali kwenye uji, asali kwenye viazi! Na kidonda amekificha kwenye soksi!"

"Mimi nimeficha? Wewe uliyekuja kumnunua mama yangu kwa biskuti?"

"Mama yako? Kwani mimi nimeolewa na nani? Unafikiri sijui, dada Anyes? Nikija, mayu ananiambia habari zako tu. Anyes kanikanda, Anyes kaniosha. Mimi naonekana mgeni hadi leo! Nifanye nini zaidi ya kuleta vitu?"

Kumbe wakati Anyes anamwonea wivu mwenzake, mwenzake naye alikuwa anaumwa ugonjwa ule ule.

Daktari aliinua mkono. "Mna nini? Hapa ni wodini. Sikilizeni wote wawili. Juisi kutoongezwa sukari hakumaanishi haina sukari. Tunda lina sukari yake, na mkilikamua na kumpa mgonjwa vikombe na vikombe, sukari inampanda. Asali nayo ni sukari, hata kama imetoka kwa nyuki wa peponi. Maziwa yale ya ladha yametiwa sukari. Ama vile vidonge na soda zisizo na sukari, hizo hazikumpandisha, ila si dawa, wala si chakula cha kutwa nzima. Ulimi uliozoeshwa utamu unaendelea kuudai. Aliambiwa zahanati anywe nini?"

Jibu lilitoka kitandani, kwa sauti nyembamba.

"Maji," alisema Bibi Minza.

Wote wakamgeukia. Anyes alipiga magoti. "Mayu, kwa nini ulikuwa unakunywa vyote? Si ungekataa?"

"Ningekataa cha nani?" Bibi Minza alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Ningeacha chako, watu wangesema nakuogopa. Ningeacha cha Harieth, wangesema Mhaya ana dawa. Nilinyamaza ili nyumba za wanangu zisivunjike. Mlisimama juu yangu kila siku mkingoja niwasifu. Hakuna aliyekaa akaniuliza nina kiu ya nini."

Mguu haukuokoka. Waliukata chini ya goti, na daktari alisema wazi kwamba kama wangemleta kidonda kilipoanza, huenda pangepotea kidole tu au pasingepotea kitu. Alipolisema hilo hakumtaja mtu. Anyes hakuhitaji kutajwa.

Siku ya kuruhusiwa, wakwe wote wawili walikuwepo tangu mapema. Harieth alikuwa ametandika chumba cha wageni na kuweka shuka mpya. Anyes alikuwa amepaka chumba cha mama chokaa na kusawazisha njia ya kwenda chooni, kwa mikono yake mwenyewe, usiku na mchana akilia. Kila mmoja alikuwa na chupa ya maji mkononi, maji matupu safari hii, na kila mmoja alitangulia mbele ya mwenzake alipokiona kiti cha magurudumu kikitoka wodini.

Aliyekuwa akikisukuma alikuwa Esteria, binti wa Bibi Minza aliyeolewa Kalemela. Alikuwa amekuja na gari la kukodi, na nguo za mama zilikuwa zimeshafungwa.

"Mayu, si unarudi nyumbani?" aliuliza Anyes.

"Nakwenda kwa Esteria," alisema Bibi Minza. "Siwachukii, wanangu. Nyote mlinipenda. Ila kwenu siwezi kunywa maji kwa amani."

Januarius na Clement walimwinua mama yao wakamweka kwenye kiti cha nyuma cha gari. Blanketi liliteleza, na pale palipokuwa na mguu pakaonekana wazi pakiwa hapana kitu. Anyes aliutambua upande ule. Ndio alioanza nao kila jioni alipomkanda. Akainama alirudishe blanketi, na mkono wake ukagongana na wa Harieth aliyekuwa ameinama kufanya vivyo hivyo. Esteria aliwatoa wote wawili kwa upole, akalifunika mwenyewe paja la mama yake, akafunga mlango.

Gari liliondoka likashika barabara ya Busega kuelekea Kalemela. Wake wawili wa ndugu wawili walibaki getini na chupa zao, wazima wa miguu, hawana wa kumshindania tena. Waliosema zamani hawakukosea: wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.