Njaa Yaalikwa Jumbani

Hapo zamani, katika mji mmoja wa pwani, alikuwapo Mshihiri aitwaye Awadhi, aliyekuja kutoka ng'ambo akafungua kiduka cha nafaka. Mali hakuwa nayo, maana kila apimapo mchele huongeza konzi, akisema, "Hii ya mtoto." Nao maskini wa mji huchukua posho ya Sultani madukani mwa wageni kama yeye.

Basi Waziri akamnong'oneza Sultani, "Wageni hawa wanatudanganya. Njaa wanayoitaja, nani amepata kuiona?" Sultani akawaza, akaona yeye kweli hajapata kuiona. Akafunga ghala la posho.

Ikawa Mwanasiti, mama wa watoto wanne, akaja dukani na kikapu kitupu. "Ami Awadhi, leo wanangu wamepigania ukoko." Awadhi akampa kibaba chake cha mwisho, akaenda barazani kwa Sultani kuwaombea maskini posho.

"Ewe Mshihiri," akasema Sultani, "niletee hiyo njaa niione. Ukishindwa, utarudi kwenu kwa kuogelea."

"Nasikia na kutii, Bwana wangu. Mwalike chakula cha mchana, kesho atakuja."

Kesho yake ikapikwa biriani, na Sultani asubuhi hakustaftahi, apate kuila vizuri. Na ada ya jumba lile, hapana atiaye mkono katika sinia kabla mgeni aliyealikwa hajanawishwa. Awadhi akaja peke yake.

"Mgeni yu wapi?" akauliza Sultani.

"Yu njiani, Bwana wangu. Huja polepole, lakini hakosi."

Wakamwekea mgeni mto. Waziri akauliza, "Pilipili anakula?"

"Hachagui kitu."

Adhuhuri ikapita, samli ikaganda, mtumishi mwenye birika akasinzia wima. Mara tumbo la Sultani likanguruma kama punda aliyekataa mzigo. Awadhi akaruka, akaliinamia lile tumbo. "Karibu, bibi, karibu! Bwana wangu, ndiye huyo."

Tumbo la Waziri likajibu.

"Na huyu?" akauliza Sultani.

"Pacha wake."

Sultani akacheka hata kilemba kikaanguka. "Kumbe ndiye huyu! Hana adabu hata kidogo."

"Na hapa amepita kukuamkia tu, Bwana wangu. Kwa Mwanasiti, mama wa watoto wanne, hulala."

Sultani akaokota kilemba chake. Kisha akaamuru ghala lifunguliwe, na maduka ya wageni yapewe posho kama kwanza. Na lile sinia akamtwika Waziri, alipeleke kwa Mwanasiti. "Nami sili," akasema, "mpaka uniambie watoto wale wameshiba."

Waziri akaenda mbio, maana pacha naye alikuwa akimhimiza.