Nungunungu Alivyobaki na Mlango

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa na nini?
— Pakawa na shimo!
— Shimo la nani?
— Hiyo ndiyo kesi yenyewe! Tuletee!

Basi hapo kale Nungunungu alichimba shimo. Alilichimba akiwa kigoli, hajaposwa, hajui hata Ngiri ananukaje. Akachimba, kwaru! kwaru!, kucha zikakatika, zikaota, akachimba tena. Akatengeneza njia ndefu, na mwisho wa njia akaweka vyumba vikavu vyenye joto.

Ndipo akaja Ngiri, akaoa, akahamia. Mlango ukamkaba mabega. Akausukuma, puu! puu!, mpaka ukamwenea. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya tangu aoe. Iliyobaki ilikuwa kulala.

Siku ndoa ilipovunjika (kwa sababu zilezile za siku zote, mnazijua), Ngiri hakuondoka. Aliingia shimoni kinyumenyume, kama waingiavyo ngiri wote, makalio ndani, meno nje. Akakaa. Nungunungu akabaki uwanjani na watoto wake wawili, miba yao bado laini kama nyasi changa. Na Chui alikwisha kuzoea kupita hapo usiku.

"Mama, leo tutalala wapi?"

"Kwetu," akasema Nungunungu.

Akamwita Kakakuona, hakimu wa pori, ambaye swali likiwa gumu hujikunja akawa mpira. Ngiri akatoka shimoni kusikiliza, matope yamemganda mashavuni. Nungunungu akasimama akaimba:

"Shimo langu nilichimba, kwaru kwaru!
Na kucha zikakatika, kwaru kwaru!
Ngiri hajaja na posa, kwaru kwaru!"

"Kwaru kwaru nini?" akafoka Ngiri. "Na mlango nani aliupanua?"

"Uliupanua kwa sababu hukuenea, baba watoto."

"Niliboresha! Hakimu, umesikia? Bila mimi lile lilikuwa tundu la panya!"

Kakakuona akakohoa. "Sheria ya pori ni nyepesi. Kilichokuwepo kabla ya ndoa ni cha..."

Ngiri akacheua kwa sauti. Kakakuona akakumbuka kumbikumbi aliotumiwa asubuhi, wanono, wangali na mbawa.

"...ingawa, kuna ule mlango," akamalizia, akajikunja. Sauti ikatokea ndani ya mpira: "Nusu kwa nusu! Kama ilivyo ada: mmoja agawe, mwenzake achague!"

"Agawe yeye!" akadakia Ngiri. "Mimi nitachagua."

Jua lilikuwa limegusa vichaka. Kwa mbali, Chui akaunguruma: kharr... kharr... Watoto wakajibana tumboni kwa mama yao. Nungunungu akalitazama shimo lake. Akikata vyumba katikati, Ngiri atalala kote kama alivyozoea. Akimwachia vyote, watoto hawafiki asubuhi.

"Haya, nimegawa," akasema polepole. "Fungu moja ni vyumba, vyote. Fungu la pili ni mlango na njia yake. Mlango ni kazi ya mikono yako, baba watoto. Uchukue, ndiyo haki."

Ngiri akamkazia macho. Akamtazama juu, akamtazama chini. Nungunungu hakupepesa.

"Wee mwanamke, unaniona mjinga? Mlango ni hewa! Nani analala juu ya hewa? Nachukua vyumba!"

"Umechagua?"

"Nimechagua!"

Mkia wa Kakakuona ukapiga chini: pwa! pwa! Kesi imekwisha.

Kharr! Safari hii karibu. Nungunungu akawasukuma watoto ndani ya njia, akaingia nyuma yao, akageuza mgongo nje, akasimamisha miba yote: shwaa!

Ngiri akaja mbio. Akageuka, akarudi kinyumenyume kama kawaida yake, bila kutazama, meno yakimwelekea Chui.

Chwa!

"Mama yangu! Toka! Vyumba ni vyangu!"

"Ni vyako, baba watoto. Sijavigusa. Ila unapita wapi?"

"Mlangoni!"

"Wa nani?"

Chwa! Akajaribu tena. Chwa! Nyasi zikatikisika. Macho mawili ya manjano yakawaka.

"Mama watoto, nipishe! Tulikula chungu kimoja!"

"Tulikula, nilipika mimi."

"Basi chukua vyumba! Chukua vyote! Nipishe tu!"

"Hakimu, umesikia?"

"Nimesikia!" ukajibu mpira.

"Ahsante, baba watoto. Sasa huna chumba humu. Nikupishe uende wapi?"

Ngiri akatimua mbio, puku! puku! puku!, mkia ameusimamisha wima kwa jinsi miba ilivyomchoma chini yake, na Chui nyuma. Mpaka leo, mwone ngiri akikimbia: mkia juu. Wajukuu zake husema ni fahari ya ukoo.

Nungunungu akangoja vishindo vipotee. Kisha akaingia ndani, akawalaza watoto, akarudi mlangoni. Kwaru! kwaru! Akaurudishia udongo, ukawa mwembamba kama zamani.

Hadithi yangu nimeiacha palepale mlangoni. Mwenye kuitaka aombe njia.

Na funzo lake, mabinti, mlishike: msijenge kabla ya kuolewa. Subirini mume. Nani mwingine atawapanulieni mlango?