Likizo ya Mtu Mmoja

Sogeeni karibu. Aliye na sufuria jikoni aiepue kwanza, maana hadithi hii ikiisha nitataka jibu, na sitapokea kisingizio cha ugali ulioungua.

Kulikuwa na kiwanda cha kushona mashati, kikubwa kiasi kwamba ukisimama mlangoni humtambui mtu aliyeketi penye ukuta wa mwisho. Mashati yenyewe yalisafirishwa kwenda nchi ambazo washonaji walizijua kwa maandishi ya kwenye maboksi tu. Humo walifanya kazi watu watatu ambao mwishoni nitawauliza ninyi habari zao.

Wa kwanza ni Havijawa, mkaguzi wa mishono. Huyu alijaliwa jicho. Uzi mmoja ukiruka kwenye kola, alikuwa ameshauona kabla shati halijatua mezani kwake. Wala hakuona nguo peke yake. Alijua nani amekuja kazini bila kula, na nani amelia njiani akajifuta uso getini.

Wa pili ni Kobelo, fundi mitambo, mtu mkimya. Huyu alijaliwa mikono. Aliweka kiganja juu ya cherehani iliyokuwa ikikoroma, akatulia kidogo kama anayesikiliza mapigo ya moyo, kisha akafungua palepale penye ubovu.

Wa tatu ni Tunu, aliyekuwa akipanga mashati kwenye maboksi. Huyu alijaliwa ulimi. Wakigombana watu wawili kwa ajili ya feni, aliitwa Tunu. Mlinzi akinuna, Tunu alimchekesha hadi akasahau alichokuwa amenunia.

Meneja wao aliitwa Bwana Lugendo. Sitamfanya zimwi. Naye alikuwa na wakubwa wake makao makuu, na kila walipompigia simu alitoka ofisini na taageti mpya, idadi ya mashati ya kutimiza. Kwanza alifuta mapumziko ya chai, halafu Jumapili ikawa siku ya kazi. Kwenda msalani kukawa kwa ruhusa ya msimamizi, na msimamizi hakuonekana. Watu walipoanza kuchepukia mlango wa pembeni wapate hewa, akautia kufuli.

"Na likizo zetu, Bosi?" waliuliza.

"Likizo baada ya oda hii."

Oda ikaisha, ikaja nyingine juu yake. Watu wakawa hawatulii tena hata wakiwa kwao. Mtu alikuwa ameketi kwenye kochi anakunywa chai, mguu wake unakanyaga pedali isiyokuwepo. Wengine walishtuka usingizini wakipapasa shuka kutafuta mshono.

Sasa, katika mstari wa kola alikuwepo binti mmoja, Asnati. Alikuwa mjamzito na alificha, kwa sababu kibarua aliyejulikana kuwa ni mjamzito hakuitwa tena kazini. Alijifunga khanga chini ya koti la kazi, akainama, akashona.

Siku moja mchana, joto likiwa limejaa ndani kama mvuke wa pasi, Havijawa akapokea kola iliyokwenda upande. Akapokea ya pili, imekwenda upande zaidi. Akainuka bila ruhusa, akaufuata mstari mpaka kwa Asnati. Akamkuta amefumba macho, anayakandamiza kwa vidole, na miguu imevimba hadi kamba za ndala zimezama kwenye nyama.

"Mdogo wangu, kichwa kinauma?"

"Kinapasuka, dada. Na naona kama nyota zinarukaruka mbele yangu."

Hakumaliza. Akakakamaa, akaanza kutetemeka mwili mzima. Havijawa alimdaka kabla kichwa hakijagonga chuma cha cherehani. Wenzao wakapiga kelele: amezimia, ana mapepo, mmwagieni maji! Havijawa akamlaza ubavu wa kushoto, akamkinga kichwa kwa mapaja yake. "Hana pepo huyu. Ni mjamzito, na hiki ni kifafa cha mimba. Dada yangu kilimchukua hivihivi mbele ya macho yangu. Hospitali, sasa hivi!"

Bwana Lugendo alikuja mbio. Alipomtazama yule binti, uso ulimbadilika. Kisha akatazama mistari ya cherehani, akatazama saa ya ukutani.

"Asisimame mtu! Mpepeeni, atazinduka. Gari la maboksi linaondoka saa hii!"

Cherehani zikaendelea kunguruma. Kelele zilikuwa nyingi, na njia ya kwenda mlango mkubwa ilizibwa na marobota ya vitambaa. Hapo Kobelo akatembea hadi kwenye swichi kuu, ile iliyoandikwa kwamba atakayeigusa bila amri ya meneja hana kazi. Akaishusha. Kiwanda kizima kikanyamaza. Wengi walikuwa hawajawahi kusikia ukimya ndani ya jengo lile.

"Kobelo! Unajua ulichofanya?"

"Najua, Bosi."

Akachukua nyundo, akaenda kwenye mlango wa pembeni, akalipiga kufuli mpaka likaachia. Mwanga ukaingia. Wanaume wakambeba Asnati juu ya kitambaa cha mashati, wakatoka naye.

Nje palikuwa na gari moja tu, lile la maboksi, limejaa hadi mlangoni. Dereva wake, Mzee Shomvi, alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Siwezi, wanangu. Nikichelewesha mzigo huu nafukuzwa. Nina watu nyuma yangu."

Vijana walitaka kumshusha kwa nguvu. Tunu akawazuia, akapanda kwenye ngazi ya gari, uso wake ukawa karibu na wa yule mzee.

"Baba, sikuombi uwe shujaa. Unaogopa, na mimi naogopa. Wakikuuliza, sema Tunu ndiye aliyeshusha mzigo, nami nitasema hivyohivyo mbele yao. Wewe nifanyie moja tu. Geuka umtazame usoni, kisha uniambie huwezi."

Mzee Shomvi aligeuka, akatazama. Akafungua mlango wa nyuma kwa mkono wake mwenyewe. Tunu akawa wa kwanza kutupa boksi chini.

Asnati alifika hospitali akiwa hai. Alijifungua kwa kupasuliwa mtoto wa kike, mdogo kama mkate, lakini mwenye sauti. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, yeye angekuwa anazungumza na watu wa kuja kuchukua maiti.

Habari zilienea mjini, zikafika makao makuu. Akaja mkurugenzi, Bi Kisanga, mama mwenye sauti ya upole. Bwana Lugendo akahamishiwa kiwanda kingine. Wale watatu hawakufukuzwa. Waliitwa mbele ya wenzao, wakapigiwa makofi.

"Kampuni imeguswa," alisema Bi Kisanga. "Asnati atatunzwa hadi apone. Na kwa aliyeokoa maisha yake tunatoa zawadi: likizo, yenye mshahara, mpaka msimu huu uishe. Lakini oda bado ipo, siwezi kuwatoa wote. Ni likizo ya mtu mmoja. Ninyi wenyewe mnajua nani anastahili. Kesho asubuhi, kabla ya king'ora cha kuanza kazi, mniambie jina."

Watatu hao wakaketi nyuma ya stoo saa ya chakula. Hakuna aliyekula.

Havijawa ndiye aliyeanza. "Mama yangu macho yanakwenda. Kila nikipiga simu ananiambia njoo nikuone kabla giza halijafunga. Na semeni kweli: bila mimi, angemwagiwa maji na kupepewa mpaka akafa. Nani mwingine aliujua ugonjwa?"

Kobelo alitazama mikono yake. Ilikuwa inatetemeka, na haikuwa mara ya kwanza. "Daktari ameniambia nipumzike, la sivyo vidole hivi havitashika hata spana. Nikivipoteza, mimi si fundi tena. Dada, uliujua ugonjwa, sawa. Lakini ungemtoa vipi? Ungepita wapi?"

Tunu alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Mwanangu analelewa na bibi yake. Nilipokwenda mara ya mwisho aliniita shangazi. Alimwita bibi yake mama, mimi akaniita shangazi. Nahitaji muda wa kukaa naye hadi anijue. Na mngefika naye nje, fundi, mngemweka wapi? Juani?"

Havijawa akasema, "Tuikatae. Sote au hakuna."

"Tukiikataa," Kobelo akajibu, "mama yako ataona?"

"Tupige kura," akasema Tunu.

"Mkono wa nani uamue mtoto wa nani amjue mama yake?" akauliza Havijawa.

Walirudi kwenye kazi wakiwa hawatazamani, na jioni kila mmoja alitoka getini peke yake. Nadhani hilo ndilo lililowauma zaidi, kwamba watu waliokuwa kitu kimoja mbele ya meneja mkali waligawanywa na mkurugenzi mpole.

Asubuhi wakasimama mlangoni pa ofisi. Bi Kisanga akawatabasamia, akauliza, "Haya, ni nani?"

Mmoja aliujua ugonjwa. Mmoja alifungua njia. Mmoja alipata gari. Ukimwondoa yeyote, Asnati hayupo, wala yule mtoto hayupo.

Msiangalie chini, wasikilizaji wangu. Na wewe uliyeketi hapo nyuma pia, nimekuona unataka kutoroka. King'ora kinakaribia kulia, mama wa watu anangoja jina. Likizo umpe Havijawa, umpe Kobelo, au umpe Tunu? Au utasimama pale mlangoni na kumwambia Bi Kisanga abaki nayo, ukijua fika ni nani atakayeumia kwa kauli yako?

Sema wewe. Ungemtaja nani?