Waya wa Plagi ya Nne

Nani aliyelegeza waya wa plagi ya nne asubuhi ile ya harusi, mpaka leo sijajua. Bwana Ngwali alikwisha kumwambia jirani yake Mwanakombo, mjane wa fundi magari, kwamba gari limejaa, aende harusini kwa miguu. Mara gari kuukuu likaanza kumisi, injini ikikatakata, na kutetemeka, naye akaitwa alitazame.

Alichomoa nyaya za plagi moja moja, injini ikiwaka. Tatu za kwanza, injini ikayumba. Wa nne, haikushtuka.

“Huyu wa nne hana kazi,” Mwanakombo akamwambia Ngwali. “ Mlima hatuuwezi mpaka apungue mtu. Tupime abiria vivyo hivyo. Mkeo akishuka?”

“Biharusi atakosa somo wa kumfunda.”

“Dereva?”

“Nani ataendesha?”

“Na wewe, bwana?”

Kazi ya Ngwali haikupatikana.

Ikaamuliwa atembee, na Mwanakombo akalie kiti chake, aisikilize injini njiani. Bi Zuwena, mkewe Ngwali, ndiye aliyemfungulia mumewe mlango ashuke. Mwanakombo alizikaza nyaya kabla ya kupanda, na mlimani plagi zote nne ziliitika.