Jioni za Watu Wengine

Mzee mmoja aitwaye Mgaya alikuwa na karakana ya kufuma masweta ya shule, katika mji wa nyanda za juu ambako baridi haiwaachi watu hata wakati wa kiangazi. Walifanya kazi humo watu wachache, wanawake kwa wanaume, kila mmoja na mashine yake. Mzee alikuwa mwema. Hakumfokea mtu. Aliyeugua alipewa ruhusa, na aliyefiwa alisindikizwa mpaka makaburini.

Kisha akafiwa yeye. Mke wake, Adelina, aliumwa muda mfupi tu, akafariki. Watoto wao walikuwa na maisha yao mikoa ya mbali. Walikuja wakazika, wakamlilia baba yao, wakaondoka. Mzee Mgaya akabaki na nyumba. Asubuhi ilikuwa nafuu, kwa sababu ilimpa mahali pa kwenda. Mchana nao ulikuwa nafuu, kwa sababu mashine zilipiga kelele hata asiweze kusikia mawazo yake. Lakini mashine zilipozimwa na watu wakaanza kujifunga mitandio yao waende makwao, moyo wake uliingiwa na hofu. Aliogopa kufungua mlango wa nyumba yake na kukuta kila kitu kiko palepale alipokiacha.

Jioni moja akawaambia wafanyakazi wake, "Kaeni kidogo basi, tunywe chai."

Wakakaa. Kwanza walikaa kwa kumwonea huruma, baadaye wakakaa kwa sababu palikuwa pazuri. Chai ilitiwa tangawizi. Siku zilizofuata vikaongezeka viazi vya kuchemsha, kisha maharage, na jiko la mkaa likawekwa katikati ya benchi mbili. Dada Zefrina, aliyekuwa akishona vifungo, aliwasimulia habari za mbuzi wake mkaidi aliyekataa kuuzwa, na mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Aliyetaka kubaki alibaki. Aliyetaka kwenda aliaga akaenda. Laiti mambo yangeishia hapo.

Palikuwa na mfanyakazi mmoja, Lamek Ngailo, mfumaji wa kola. Lamek alikaa kwenye chai ile siku za mwanzo, akafurahi kama wenzake. Baada ya hapo akarudia desturi yake. Kazi ikiisha alinawa mikono, akawaaga wote kwa majina, akaenda zake. Hakuwa mtu wa kununa, wala hakuwa na ugomvi na yeyote.

Lakini mzee alianza kumwangalia. Kila jioni macho yake yalimfuata Lamek mpaka mlangoni, na wale waliobaki hakuwaona tena. Watu wakaliona jambo hilo, wakaanza kulitafutia maelezo. Mmoja alisema Lamek anaringa. Mwingine akasema mkewe ndiye anayemtawala. Wa tatu akasema lazima ana kibarua kingine cha jioni. Lamek hakujitetea, kwa kuwa hakuona kosa lolote la kujitetea.

Asubuhi moja, kabla mashine hazijawashwa, Mzee Mgaya alisimama mbele yao. Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliowatisha.

"Sisi hapa ni familia," alisema. "Familia hula pamoja. Mtu akiona jioni zetu ni nzito kwake, labda na asubuhi zetu ni nzito kwake pia."

Hakuna aliyeuliza maana yake. Tangu siku hiyo walibaki wote, mpaka sufuria iishe.

Lamek alibaki. Na Zefrina alibaki kuliko wote, kwa sababu aliogopa kuliko wote. Hakuwa na mume. Alikuwa na binti mdogo, ndiyo kwanza ameanza kusema maneno yake sawasawa, aliyeshinda kwa jirani. Zamani Zefrina alikaa kwenye chai kidogo, akasimulia kisa kimoja, akaondoka akamwahi mwanawe angali akicheza. Sasa alimkuta amelala, na asubuhi alimwacha amelala. Jumapili moja mtoto alianguka uani, akajikwaruza goti. Zefrina alichuchumaa na kumfungulia mikono. Mtoto akampita. Alikimbia akilia "mama" mpaka kwenye mapaja ya jirani.

Zefrina hakumwambia mtu. Jumatatu jioni, kwenye benchi, mzee alipoanza kisa cha kuchekesha, yeye alicheka kabla hakijafika mwisho. Mzee akajisemea moyoni kwamba angalau huyu ana furaha hapa.

Siku moja mkaa ukaisha katikati ya maongezi. Mzee akasema asisumbuke mtu, akaenda mwenyewe stoo ya nyuma. Aliporudi na mfuko alisimama nje ya mlango apumzishe mkono, na hapo akashangaa. Hakusikia kitu. Alikuwa ametarajia kusikia kicheko alichokiacha. Hata angesikia wanamsema vibaya, angevumilia, kwa sababu watu wanaomsema mtu ni watu waliochangamka. Alichungulia kwenye upenyo wa mlango. Walikuwa wamekaa kama watu walio kwenye foleni ya zahanati, wakisubiri kuitwa. Mmoja alitazama kucha zake. Zefrina alikuwa amefumba macho. Lamek alitazama dirisha, ambako mwanga wa jioni ulikuwa ukiondoka.

Mzee akausukuma mlango. Papo hapo benchi zikaamka. Mmoja akaomba chumvi, mwingine akasema kitu kuhusu mvua, na Zefrina akacheka, ingawa hakuna aliyekuwa amesema la kuchekesha.

Mzee Mgaya akauweka mkaa chini. Hakukaa. Alimgeukia Lamek, na safari hii hapakuwa na hasira wala kitisho katika sauti yake. Alikuwa anataka kujua kweli.

"Lamek, hebu nikuulize. Hapa kuna moto, kuna chakula, kuna wenzako. Nyumbani kwako kuna nini?"

Lamek alitafuta kwanza jambo kubwa la kusema. Alijua kwamba angekuwa na mgonjwa ndani angesamehewa saa ileile, na wote wangempa pole. Alitafuta, asione. Mkewe alikuwa mzima. Watoto wake walikuwa wazima. Hakuwa na kibarua, hakuwa na kikao cha kanisa, hakuwa na shamba la kumwagilia.

"Kuna nyumbani, mzee," akasema.

Zefrina aliinamisha kichwa, na waliokuwa karibu naye wakaona mabega yake yanatikisika. Alijifuta kwa ncha ya mtandio. Kisha akasema, bila kuulizwa na mtu, "Mwanangu anamwita jirani mama."

Mzee alimtazama mwanamke huyo aliyemdhania kuwa ndiye mwenye furaha kuliko wote. Akaenda mlangoni akaufungua wazi, baridi ikaingia.

"Nendeni," akasema.

Walibaki wameganda, wakidhani wamefukuzwa kazi.

"Nendeni nyumbani," akarudia. "Kazi yenu iko palepale. Kesho tuonane."

Wakatoka mmoja mmoja, wakiwa hawana hakika. Yeye akabaki akazima jiko.

Kesho yake kazi ilipoisha wote waliondoka. Hakubaki mtu. Mzee hakununa, na alimuaga kila mmoja vizuri, lakini siwafichi ndugu zangu, zile zilikuwa siku ngumu kwake. Alikwenda nyumbani, akavua kofia, akakaa sebuleni na koti lake mwilini kama mgeni ambaye hajakaribishwa. Alilia mara moja. Baadaye akajifunza kuwasha redio.

Lamek naye alikwenda kwake akiwa huru. Mwanzoni alifurahi sana. Alitembea upesi, akafika mapema, akawakuta watoto wangali na vumbi la mchezo. Lakini baada ya muda kitu kikaanza kumsumbua, na hakukitarajia. Alipokuwa analazimishwa kukaa, hakuwa na haja ya kujiuliza kama anampenda yule mzee. Kule kulazimishwa kulikuwa kumejibu kwa niaba yake. Sasa hakuna aliyemshika. Swali likawa lake. Akakumbuka jioni zote zile walizokaa bega kwa bega, akaona kwamba hakuwahi kumuuliza, hata kwa adabu tu, "Mzee, huko nyumbani unaendeleaje?" Hakuna katika wao aliyewahi kumuuliza.

Akamweleza mkewe, Yusta, aliyekuwa akipepea moto.

"Si umlete," Yusta akasema. "Ila mwambie sina makubwa ya kumpikia."

Kesho yake Lamek alimngoja mzee nje ya karakana mpaka alipofunga.

"Mzee, Yusta anasema uje ule kwetu. Kama utapenda."

Mzee akamtazama usoni, akitafuta woga. Hakuuona.

"Sitaki uone kama nakudai kitu, Lamek."

"Hunidai. Nakukaribisha tu."

Wakaenda pamoja kwa miguu. Nyumbani kwa Lamek hakuna aliyepanga viti. Yusta alimpokea mzee, akapiga goti kidogo, akamsalimu kwa lugha ya kwao, "Kamwene," kisha akamkabidhi kisu na beseni la viazi, kwa kuwa yeye alikuwa na moto wa kuangalia. Watoto waligombania kigoda, halafu wakakisahau. Lamek alivua viatu akaisogeza miguu yake karibu na moto. Kwa muda mrefu yeye na mkewe hawakusema kitu, na hakuna aliyeona haja ya kuufukuza ukimya ule. Mzee alimenya viazi vibaya, maganda mazito. Yusta akachukua kisu, akamwonyesha, akamrudishia. Mtoto mdogo wa nyumba alikuja akaegemea mguu wa mzee, akasinzia pale bila hata kuuliza huyu ni nani.

Hapo Mzee Mgaya akakiona kile alichokuwa akiwanyang'anya watu wake kila jioni, huku akiamini anawapa. Kilikuwa kitu kidogo mno. Mtu hawezi kukitetea mbele ya tajiri wake. Akijaribu kukieleza, kinasikika kama uvivu au kiburi. Ndiyo maana kilikuwa rahisi kuchukuliwa. Na kilikuwa ndicho hichohicho alichokuwa anakililia yeye tangu Adelina alipofariki.

Wakala. Kabla giza halijakolea akaaga. Walimwambia karibu tena, na hawakumng'ang'ania abaki.

Tangu hapo mambo ya karakana ile hayakuwa ya namna moja. Kuna jioni mtu alibaki kwa chai, na kuna jioni nyingi hakubaki mtu. Lamek alipita kwa mzee mara chache, siku alizojisikia kupita, na mara nyingine mzee ndiye aliyekuja kumenya viazi. Zefrina hakubaki tena jioni hata moja. Kazi ikiisha alikuwa wa kwanza kutoka, mbio mbio, na mzee alimfungulia mlango mwenyewe asicheleweshwe na komeo. Hakumhesabia kosa. Binti yake alichukua muda, lakini ikafika siku akaanguka, akanyanyuka, na akamtafuta mama yake kwa macho.

Sasa nakuuliza wewe unayejivunia benchi lililojaa: umewahi kuufungua mlango ukaona ni nani anayebaki? Nawe uliyetoka huru ukashika njia ya kwako, umewahi kugeuka ukaona ni nani uliyemwacha pale ndani peke yake?