Pijo la Bi Mwanamkuu

Rangi ya juu ni mjumbe wa ya chini. Jana mlimsikia shangazi yenu akiisema methali hiyo, baada ya yule mchumba aliyekuja kuposa hapa nyumbani kwa salamu za asali kuaga na kwenda zake, nanyi mkacheka mkidhani anazungumzia kupaka nyumba chokaa. Leo mmekuja kuniuliza imetoka wapi. Haikutoka kwa wahenga wa kale, msije mkanizulia. Imetoka hapa hapa Tanga, mitaa ya Ngamiani, kwenye gereji ya mwanamke aliyeitwa Sikudhani, na mwanzo wake ni huu.

Sikudhani alikuwa fundi wa kupaka magari rangi, tena alijua, na alijua kwamba anajua. Watu walitoka Muheza na Korogwe kumletea magari yao. Gari likiingia kwake limechubuka kama goti la mtoto, lilitoka linameta hata mwenyewe akasita kulipanda. "Mkono huu haujarudishiwa kazi," alipenda kusema, akiinua bomba lake la kupulizia, na hakuna aliyembishia, kwa sababu ilikuwa kweli.

Kuhusu rangi ya chini, ile ambayo mafundi huiita praima, hakuwa na maneno mengi. Kazi yake ni kuzuia kutu na kuishika rangi ya juu, basi. Alikuwa na ya kijivu, na hiyo hiyo ndiyo aliyolipaka kila gari, liwe litakuwa jeusi, jeupe au la buluu. Mteja akiuliza, Sikudhani alicheka. "Cha ndani nani akionaye? We niambie ya juu tu."

Basi siku moja ikaletwa gereji, ikivutwa kwa kamba, Pijo kuukuu ya marehemu Mzee Mbwana. Aliyeileta alikuwa mwanawe, Mbaruku, mtu mpole mwenye wasiwasi wa kudumu. Ngamiani nzima ililijua gari lile. Enzi hizo watu wetu walikuwa wa baiskeli, na bibi harusi wa mtaa akienda kwa mumewe, alipelekwa na Mzee Mbwana katika Pijo yake ya njano, honi ikilia kona hadi kona. Wa kwanza kabisa kupandishwa humo alikuwa mke wake mwenyewe, Bi Mwanamkuu, siku aliyotolewa kwa baba yake. Mzee alipofariki, gari likafungiwa bandani. Kutu ikala milango, na kuku akatotoa vifaranga kwenye kiti cha nyuma.

Sasa mjukuu wao, Hidaya, alikuwa anaolewa. Bi Mwanamkuu alikuwa ametoa neno moja tu: atamsindikiza mjukuu wake ndani ya Pijo ile, ikiwa katika njano yake ile ile, au atabaki nyumbani na mlango utafungwa. Hidaya alilelewa na bibi huyo tangu mdogo. Kuondoka bila yeye kwake kulikuwa sawa na kuondoka bila radhi.

"Mama habembelezwi," Mbaruku alisema. "Akisema hapandi, hapandi."

"Mwambie atoe nguo yake ya harusi aianike jua," Sikudhani akajibu. "Gari lake analo."

Akaanza kazi, na akaanza vizuri. Alikitwaa kifuniko cha tangi la mafuta, ambacho hakikuwa kimeguswa na kutu, akaenda nacho dukani. Yeye na muuza rangi wakachanganya, wakaonja kwa macho, wakachanganya tena, hadi njano ya koponi ikalingana na ya kifuniko, njano nzito ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Akarudi. Akakwangua kutu yote, akanyoosha mabati, akapiga msasa hadi chuma kikawa kitupu. Akapaka praima yake ya kijivu, kisha akapuliza njano.

Ilipokauka akaweka kifuniko juu ya mlango ili ajisifu. Hakujisifu. Kifuniko kilikuwa njano, na gari lilikuwa na njano nyingine, iliyofifia, yenye ukijani kwa mbali, kama ya mtu anayeumwa nyongo.

Sikudhani aliona haya, na kwake haya iligeuka hasira upesi. Akaenda dukani akamgombeza muuza rangi mbele ya wateja wake. Yule bwana akafungua kopo lile lile, akachovya kijiti, akakiweka kando ya kifuniko. Rangi moja, hakuna tofauti. Sikudhani akachukua kopo jingine bila kuaga. Akapuliza tena juu ya ile ya kwanza, na tena. Gari likazidi kununa. Akatia nyekundu kidogo ili kuipa uhai, nalo likatoka na rangi ya papai lililosahauliwa jikoni. Zaidi ya hapo rangi ilikuwa imekuwa nene mno, ikaanza kutiririka machozi milangoni. Wenzake gereji walimwambia limependeza. Walisema hivyo kwa sababu walimwogopa.

Jumatatu ya wiki ya harusi, Bi Mwanamkuu akaja mwenyewe, kapakiwa nyuma ya baiskeli ya Mbaruku, mwavuli mkononi. Akashuka, akalizunguka gari polepole.

"Zuri," akasema. "La nani?"

Mbaruku akatazama chini. Sikudhani akajikaza. "Lenu, Bi."

"Letu nalijua. Nilipanda nikiwa mwali, nikatazama bati lake njia nzima kwa sababu nilimwonea haya mume wangu. Hili la watu wengine, mwanangu. Wenyewe watakuja kulichukua."

"Bi, rangi ni ile ile! Hii hapa kwenye kopo, hiki hapa kifuniko. Ni hii njano tu inanifanyia kiburi. Naipaka, inakataa. Nimeipaka mpaka mkono umekufa ganzi, inakataa! Rangi hii ina laana."

Bi Mwanamkuu akaketi kwenye tairi kuukuu, akafunga mwavuli wake. "Mjumbe hauawi. Unaipiga makelele njano, maskini, imefanya nini? Imeleta ujumbe tu. Nani aliyeituma?"

"Sijakuelewa, Bi."

"Wewe si mwanamke? Ukivaa gauni jepesi la njano juu ya gagulo jeusi, utakwenda kumtukana mwenye duka la vitambaa? Mimi mambo ya magari siyajui. Nauliza tu, limevaa nini ndani?"

Sikudhani aliyewacheka wateja kwa kuuliza cha ndani, sasa ameulizwa yeye. Akakichukua kile kifuniko alichokuwa akizunguka nacho mfukoni muda wote huo. Akatwaa wembe, akakwangua ukingo wake taratibu. Njano ikatoka kama ganda. Chini yake hakukuwa na kijivu. Kulikuwa na nyeupe, safi kama tui la kwanza.

Jibu alikuwa nalo mfukoni, na alikuwa amekwenda kulitafuta kwa kugombana na watu.

Mbaruku alikuwa ameanza kutokwa jasho. "Fundi, harusi ni Jumamosi. Tuliache hivi. Watu watatazama bibi harusi, nani atatazama bati? Mama nitamwomba, nitapiga magoti."

Hapo ndipo Sikudhani alipopata nafasi yake ya kuponea. Kazi ingepokelewa, watu wangesifu kwa adabu, na jina lake lingebaki juu. Akaweka wembe chini.

"Usipige magoti kwa kosa langu," akasema. Akamgeukia bibi aliyeketi kwenye tairi. "Bi, nimekosa. Ya juu niliichagua kwa macho yangu yote. Ya chini sikuichagua hata kidogo, niliipaka kwa mazoea, na njano ni nyepesi, haifichi cha chini kama rangi nyingine. Naliondoa lote. Jumamosi utalipanda gari lako, nami ndiye ninayekwambia."

"Kama ni wewe unayesema, basi," Bi Mwanamkuu akajibu, akaomba asaidiwe kupanda baiskeli.

Kwanza Sikudhani alikwenda dukani kumwomba radhi muuza rangi mbele ya wateja, kama alivyomgombeza mbele yao, na akarudi na praima nyeupe. Kisha akaanza kukwangua. Alikwangua papai, akakwangua nyongo, akakwangua kijivu, vumbi likamfanya awe kama aliyetoka kiwanda cha saruji. Alipopaka nyeupe, Mbaruku alikuja kuchungulia akashika kichwa. "Umelivisha sanda!"

"Nenda nyumbani, Mbaruku," Sikudhani akasema, na safari hii alikuwa anacheka.

Njano ilipogusa nyeupe, hakuhitaji kuilazimisha. Iliamka yenyewe. Mikono miwili tu ya rangi, nyepesi, na mlango ukawaka. Akaweka kifuniko juu yake, na kama si ule ukingo uliokwanguliwa, asingeweza kukitambua kilipo.

Jumamosi, fundi wa injini akiwa ameshaliwasha, Sikudhani alilipeleka mwenyewe mlangoni kwa Bi Mwanamkuu. Vigelegele vilikuwa vimeanza ndani, Hidaya kafunikwa ushungi, tayari. Bi Mwanamkuu alitoka, akasimama kizingitini. Hakulizunguka gari safari hii. Alikwenda moja kwa moja, akalaza kiganja chake juu ya bati. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

"Hidaya, panda haraka," akasema. "Babu yako hapendi kusubirishwa."

Wakaondoka, honi ikilia kona hadi kona.

Tangu siku ile, mtu akileta gari kwa Sikudhani na kumtajia rangi, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Ya juu nimeisikia. Ya chini je?" Wengine walikereka. Hapo ndipo alipowajibu kwa maneno ambayo mtaa uliyaokota, yakaingia majikoni, yakafika barazani, na jana yakatoka kinywani mwa shangazi yenu.

Basi yule mchumba akirudi na salamu zake, mpokeeni, mpeni chai, wala msimchukie. Salamu zake ni nzuri sana. Lakini shangazi yenu akikaa kimya akimtazama, msimharakishe, anatafuta ukingo wa kukwangua. Rangi ya juu ni mjumbe wa ya chini.